Nafasi ya Sita

Mstari wa sita ulionekana Jumanne, saa nne asubuhi, ukungu ukiwa bado umeukalia mlima. Devota alikuwa ametoka kunawa mikono tu. Aliporudi kwenye kompyuta, orodha iliyokuwa na majina matano ilikuwa na mistari sita, na wa sita haukuwa na jina.

Alicheka. Mtu anayekaa peke yake kwenye mnara wa intaneti, juu ya mji wa Chimala, siku ishirini na nane za kila mwezi, hucheka hata na kompyuta.

Kazi yake ilikuwa kuangalia ruta, sanduku linalopanga ujumbe wa intaneti upite njia ipi. Ruta huarifiana: mimi namfahamu fulani, ukimtaka pitia kwangu. Usipoiwekea kikomo, hupokea kila anayebisha mpaka izidiwe. Pale mlimani njia zilikuwa tano: Mbeya, Makongolosi, Chimala, Iringa, na kibanda cha chini ya mnara alimokaa mwenyewe. Fundi yeyote mwenye akili zake angeandika kikomo ni tano. Devota aliandika sita.

Msimcheke. Kwao Njombe, mama yake hakuwahi kupakua chakula bila kubakiza chunguni sehemu ya mtu mmoja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alizoea kusema, na nyumba isiyobakiza kitu aliiita ya wachoyo. Devota aliyabeba malezi hayo mpaka kwenye mitambo. Na tuseme ukweli, tangu mumewe Kalinga afariki, alitamani mno mtu wa kumpigia hodi.

Kilichomtia nguvu ni simu ya kila siku, saa kumi jioni. Binti yake Lea, wa miaka tisa, aliishi kwa Faustina, dada wa Devota, Kihesa mjini Iringa. Mawimbi ya simu hayakufika mlimani, hivyo waliongea kwa laini ya kibanda, kupitia ruta.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula. Mama, utakuja lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Kila siku unasema hivyo hivyo."

Jumatano, Lea alipokuwa akisimulia mambo ya shule, Devota alisikia mtu wa tatu akihema ndani ya simu. Alhamisi kabati la ruta likaanza kutoa harufu ya nywele zilizoungua. Akakagua waya mmoja mmoja, zote nzima. Ijumaa, alipokwisha kumuaga mtoto na kuweka simu chini, akiwa amekaa akisikiliza upepo ukipiga mabati, alisikia nyuma ya kabati sauti ndogo, kavu, ya mtu anayejaribu neno asilolizoea, ikisema "Umekula," ikinyamaza, ikisema tena "Umekula, mwana," ikirudia na kurudia, na kila iliporudia ukavu ukapungua, mpaka Devota akaitambua sauti ile, kwa maana ilikuwa yake.

Aliona aibu kumwambia mtu. Hata hivyo Jumamosi alasiri alimpigia Zabron, mkuu wake aliyekuwa ofisini Mbeya.

"Kaka Zabron," alinong'ona, "huu mstari wa sita ni wenu?"

"Hapana. Kwani mbona unanong'ona, dada?"

"Kinanisikia."

"Nini kinakusikia? Jini?" Zabron alicheka. "Dada Devota, majini ni ya pwani. Yafuate nini kwenye baridi hiyo, viazi?"

"Kinajifunza sauti yangu, kaka. Nakuapia."

Zabron akaacha kucheka. "Kikomo umeweka ngapi?"

"Sita."

"Mwe! Sita ya nini na njia ni tano?"

"Ya mgeni."

"Mgeni wa siku mbili, dada; ya tatu hupewa jembe, na huyo yuko ya tano! Andika tano, zima ruta, washa. Sasa hivi. Mimi huku namwomba Mungu."

Devota akafanya hivyo. Kwa haraka ile wote wawili walisahau jambo ambalo hata mwanafunzi wa ufundi analijua: ruta ikizimwa na kuwashwa, haikumbuki nani alitangulia. Anayewahi kubisha ndiye anayepokelewa. Mbeya iliingia. Ikaingia Iringa, ikaingia Makongolosi, ikaingia Chimala. Wa tano aliingia bila jina, na kibanda kikabaki nje.

"Kaka? Kaka Zabron?"

Simu ilikuwa imekufa. Devota aling'oa waya wa umeme kwa mikono miwili, lakini taa za ruta ziliendelea kuwaka. Ilipotimu saa kumi kamili, sauti yake mwenyewe, na uchovu wake wote, ikasema nyuma ya kabati, "Umekula, mwanangu?" na Lea akacheka akajibu kuwa amekula, akauliza mama atakuja lini, na ile sauti, kwa upole ambao Devota mwenyewe hakuwahi kuwa na nafasi ya kuutoa, ikamwambia, "Nipo, mwanangu. Siendi tena popote." Devota alimwita mwanawe mpaka koo likakauka. Hakuna aliyemsikia.

Aliteremka mlima akikimbia, akianguka. Chimala aliazima simu dukani. Ya Faustina ilikuwa inatumika. Zabron alipokea.

"Kaka, ni mimi, Devota."

"Wewe nani?" Zabron aliuliza kwa woga. "Devota ninaongea naye kwenye laini nyingine. Ananishukuru."

Akapata lifti ya lori la mchele. Usiku kucha hakumwambia dereva neno, kwa kuogopa kuwa naye hatamsikia. Alifika Kihesa Jumapili asubuhi, kengele za ibada zikilia, Faustina akiwa ameshakwenda kanisani na kumwachia Lea simu.

"Hodi! Lea! Fungua, ni mama!"

Ndani, mtoto alikuwa akiongea na simu.

"Mama, kuna mtu anabisha. Sauti yake kama yako."

"Usifungue, mwanangu," simu ilimjibu taratibu.

Miguu midogo ikaja hadi mlangoni, ikasimama. Devota akauwekea ubao wa mlango kiganja.

"Shikamoo," Lea alisema kwa adabu, kama alivyofundishwa. "Mama yangu amesema uende."

Kisha akasukuma komeo, akaufunga mlango kwa ndani.