Siku Octavian Alipoiacha Kamera

Soko la Majengo lilikuwa limefurika. Lea, mpiga chapa wa Bunge, alikuwa ameinama na gauni lake la kitenge cha njano akiokota vitunguu vilivyomwagika, mara akasikia kamera ikilia usoni pake.

"Wewe kaka! Nani kakuruhusu?"

"Samahani, dada. Hasira zimekupendeza mno."

"Basi okota vitunguu, usinisimamie kama mlingoti!"

Aliokota, ila baada ya kupiga picha nyingine mbili.

Aliitwa Octavian, mpiga picha wa gazeti, ndiyo kwanza amerudi kutoka kwenye makambi ya wakimbizi kule Ngara. Tangu hapo simu ya ofisini kwa akina Lea haikupumzika.

"Naomba kuongea na mwenye hasira zake."

"Anachapa, hana nafasi."

"Mwambie kuna mtu anakufa kwa njaa ya sauti yake."

Lea alicheka mpaka wenzake wakageuka. Haukupita muda wakaanza kuzungumzia ndoa.

Shida ilianzia kwenye sinema. Chuo kimoja mjini kilionyesha sinema ya wapiga picha wa vita. Mmoja wao alimpiga picha mama aliyekumbatia maiti ya mwanawe, akabadilisha mkanda wa kamera, akapiga tena. Lea alijifunika uso kwa mtandio. Octavian alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, macho yanawaka.

"Angesogea kushoto kidogo," alinong'ona. "Mwanga ulikuwa kule."

Lea akatoka nje. Octavian akamfuata.

"Ungekuwa wewe, usingemshika yule mama?"

"Ningemshika. Baada ya kupiga."

"Na kama ningekuwa mimi?"

Octavian aligeuka kutazama mlango wa ukumbi, sinema ikiendelea ndani. Kule kugeuka kulimuuma Lea kuliko jibu lolote.

Wiki nzima aligoma kupokea simu, mpaka Octavian akaja kumbembeleza mlangoni. "Nimekosa, mpenzi. Jumamosi twende Haneti kwa mama yako nikapeleke posa. Kamera naiacha nyumbani."

Kweli alikuja bila kamera, suti ya kijivu, tai nyekundu. Baba mdogo wa Octavian, mzee Gerson, aliwaendesha kwa pikapu. Njiani wakakuta lori limepinduka, dereva kabanwa mguu. Octavian aliruka wa kwanza. Akasaidiana na mzee kumvuta, akamfunga jeraha kwa ile tai. Lea alimkimbilia amkumbatie, akasita. Octavian alikuwa amefumba jicho moja, na kidole chake kikibonyeza hewa, tena na tena.

"Unafanya nini?"

Aliuficha mkono mfukoni. "Siwezi kujizuia, Lea. Picha nimezipiga zote kichwani, na zote zimepotea. Nilipokuwa namfunga, nilikuchukia. Kidogo tu, lakini nilikuchukia."

Lea alitamani kumfokea, lakini alilomwomba alikuwa amelifanya.

Waligeuza gari wakamwahisha majeruhi hospitali ya mjini. Pale mlangoni Lea alisema, "Nakupenda, Octavian. Lakini sitaki kuishi na mtu anayenichukia kidogo kidogo. Kachukue kamera yako."

"Na mama je?"

"Mama niachie mimi."

Alipanda basi peke yake. Kule Haneti alimkuta mama yake, Paulina, kavaa kanga mpya, mabinti wa jirani wamejaa jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mgeni yuko wapi?"

"Yuko kazini, mama."

Paulina alimtazama, akampakulia. Lea akavua viatu, akakaa kwenye kigoda, akamla kuku wa posa yake mwenyewe huku machozi yakidondokea sahanini.