Maji ya Tairi la Kushoto

Tulifika kwa mzee muuza matairi jua likiwa limebaki kipande, trekta letu likichechemea kama bwana harusi aliyeazima viatu.

Msinicheke. Matairi ya nyuma yalikuwa yamekwisha hadi waya zinachungulia. Zile kashata, yaani nundu za mpira zinazong'ata udongo, zilikuwa zimelainika kabisa. Ukiingia shamba lenye unyevu, trekta linazunguka palepale na kujichimbia kaburi. Na mvua zilikuwa zimeshaanza. Msimu wa kulima mashamba ya watu ni wiki tatu tu. Ukizikosa, mwaka mzima unalisha familia kwa maelezo.

Matairi mapya? Niliuliza bei dukani. Muuzaji akaitaja, mimi nikaomba kiti.

Fundi wa gereji ndiye aliyetuelekeza kwa mzee. "Yametumika, lakini kashata zimebaki nusu. Yako na ringi zake, na maji yamo ndani. Mnafungua nati, mnafunga nati, mnaondoka." Kwa msiojua, tairi la nyuma la trekta hujazwa maji ili liwe zito na lishike ardhi. Ukilipata na ringi yake na maji yake, umeokoa hela ya fundi na kazi ya siku nzima. Nusura nimbusu yule fundi, na ndevu zake zile.

Dereva wetu ni mke wangu. Wateja wanamwita Injinia. Mimi wananiita Mdomo, kwa kuwa kazi yangu ni kutafuta mashamba, kupatana bei, na kuwachekesha wenye shamba wasione kwamba tumechelewa. Mikono yake, mdomo wangu. Miaka kumi na tisa, ndoa na biashara vyote tumeviendesha hivyo.

Ua wa mzee ulikuwa na vyuma vya kutu na vumbi, basi. Hakuna jani, hakuna bomba, hakuna hata kuku wa kutushangaa. Lakini palinukia sabuni. Sabuni mbichi, kama mtu ametoka kuoga sasa hivi.

Mlangoni alikaa mtu aliyejifunika shuka, uso kaugeuzia ukutani. Nikamsalimia. Akajivutia shuka hadi kichwani.

"Mwanangu huyo," mzee alisema. "Hapendi kutazamwa."

"Hata mimi nilikuwa hivyo kabla sijaoa."

Mzee hakucheka. Nami mtu asipocheka huwa namwongezea dozi. Nikalia, nikaimba, nikamwonyesha kandambili zangu, moja nyekundu, moja ya jirani. Hakushusha bei hata senti.

"Mwache mzee wa watu," Injinia akaniambia, ameshapiga jeki. "Shika spana, Mdomo. Jua linatuaga."

Tulifunga la kulia, tukafunga la kushoto. Alipomaliza, Injinia alinawa kwenye beseni maji ya dumu letu, yote yaliyokuwa yamebaki. Akanawa uso, mikono na miguu. Kisha akaligonga tairi la kushoto kwa nyundo, akisikiliza.

"Hili limepungua maji. Lita kumi hivi."

"Hapa hakuna kisima," mzee akasema.

"Tutaongeza nyumbani."

"Nyumbani nani apandishe dumu tena na mgongo huu?" nikasema. "Maji si haya hapa?" Nikanyanyua beseni.

"We baba, hayo nimenawia uchafu wangu!"

"Kwani tairi litalalamika?"

Akacheka. Mke wangu alikuwa na kicheko cha kuangusha sufuria. Nikafungua valvu, nikachomeka mpira wa maji, nikapanda juu na kuyamimina kwenye faneli.

Gluk... gluk... gluk...

Maji yakaisha. Sauti haikuisha. Niliweka kiganja juu ya faneli, kikavutwa. Taratibu, kama ndama anavyonyonya kidole.

Nikachomoa mpira. Mzee alikuwa amesimama chini yangu. Sikumsikia akija.

"Ya nani hayo?" akanong'ona.

"Ya mke wangu."

Akageuka kutazama mlangoni.

"Toa nusu."

"Nusu ya nini, mzee?"

"Ya bei."

Pale mlangoni, yule mtu wa shuka akaanza kulia. Si kwa kelele. Mabega tu.

Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nilihesabu noti haraka, mzee asije akabadili mawazo.

Njiani giza likatukuta. Nilikaa juu ya bodi, yaani bati la kufunika tairi, upande wa kushoto, nikijisifu. Trekta linapokwenda polepole, maji ya tairi huwa yanasikika, si ajabu. La kulia lilisema chubwi, chubwi, kama matairi yote. La kushoto lilisema vingine. Chwaa... kimya... chwaa... kimya. Kama mtu anayenawa uso.

"Unasikia?"

"Maji hayo," akasema Injinia. Lakini hakunitazama.

Siku tatu za kwanza tulilima kama wendawazimu. Trekta halikuteleza hata mara moja. Siku ya nne, simu ya Injinia ikamkataa. Ile ya kufungua kwa kidole. Akabonyeza, akafuta, akabonyeza. Cha gumba, cha shahada, vyote. Nikamwambia simu imemchoka, mimi bado. Usiku nikamulika vidole vyake kwa tochi.

Havikuwa na mistari.

Viganja pia. Nyayo pia. Asubuhi nilifuata alama za miguu yake kwenye tope. Zilikuwa laini, hazina mkunjo hata mmoja, kama zimepigwa kwa mwiko wa mwashi.

Nikakimbilia trekta. Siku tulipolinunua tairi la kushoto, kina cha kashata kilikuwa pingili moja ya kidole changu. Sasa kilikuwa pingili mbili. Kingo kali, mpira mweusi unaonukia upya. La kulia lilibaki vilevile, nusu yake, uchakavu wake.

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Sikukipata.

Siku ya saba tulikuwa shambani kwa mteja wa miaka yote, mama mmoja anayempenda Injinia kuliko anavyonipenda mimi. Mke wangu alikaa kivulini, amevua kofia, anakunywa maji. Yule mama akampita hatua mbili, akaja kwangu.

"Shemeji, leo Injinia hajaja? Na yule dada ni nani?"

Nikamgeukia mke wangu. Nyusi zilikuwa zimekwenda. Ile alama ya tetekuwanga shavuni, imekwenda. Ule mfereji mdogo kati ya pua na mdomo... umefutika. Ilikuwa sura ya mtu, lakini ya mtu yeyote.

Alikuwa amesikia. Akavaa kofia yake, akaishusha hadi machoni.

Siku hiyohiyo tuliliegesha trekta. Nikaweka mawe mbele na nyuma ya kila gurudumu, funguo nikazilalia. Asubuhi mawe yalikuwa pembeni, yamepangwa vizuri. Trekta lilikuwa limesogea. Nilipima kwa kamba. Mzunguko mmoja kamili wa tairi. Ndani, mke wangu alikuwa amepoteza kucha za mkono mmoja. Hakuna damu, hakuna kidonda. Ngozi tu, safi.

"Yamwage," akaniambia. "Mwaga hayo maji, baba watoto."

Nikafungua valvu. Yakatoka ya vuguvugu, yananukia sabuni yetu ya nyumbani. Hata ndoo haijafika nusu nikasikia anaita. Si kwa sauti. Alikuwa anakoroma. Nikamkuta sakafuni, midomo imepasuka, ulimi umekauka kama ngozi ya ngoma, macho hayafumbi. Nikarudi mbio, nikayarudisha kwa faneli, hadi tone la mwisho. Nililamba hata ukingo wa ndoo nikalitemea valvuni. Ndipo akavuta pumzi.

Jioni nilikuwa kwa mzee. Nilikwenda na nyundo, nikidhani ndiyo itakayozungumza.

Hakushangaa. Alimshika bega yule mtu wa mlangoni, akamgeuza.

Sitasema mengi. Palikuwa na mahali pa macho. Palikuwa na mahali pa mdomo, kama mtu amebonyeza kidole kwenye unga na kusahau kuendelea. Alikuwa anapumua. Mzee alikuwa anampaka mafuta kwa sababu, alisema, hewa inamkwaruza.

"Nilipolinunua, la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa," mzee akanong'ona. "Bei ya kutupa. Mwanangu ndiye alikuwa dereva. Siku moja kiangazi, shambani, tairi likapungua maji. Naye alikuwa ametoka kuoga ndani ya karai..."

"Ulijua! Uliniona nikimimina ukanyamaza!"

"Nilinyamaza," akasema. "Tangu siku ile ulipomimina, mwanangu hajapungua tena. Limepata mwingine, limemwacha. Wewe ungesema?"

Nyundo niliisahau palepale.

Niliporudi, mkulima mmoja alikuwa ananisubiri uani. Kijana mwenye domo, mcheshi, tumbo mbele. Amesikia tumesimamisha kazi, anataka matairi. Analipiga teke lile la kushoto kwa furaha. "Bro, hili mbona jipya kabisa! Dereva wangu ni dada yangu, atalia kwa raha. Kasoro yake nini?"

Mke wangu alikuwa dirishani. Niliona kofia tu.

Maneno yalikuja yenyewe, niliyazoea. Ningesema: limepungua maji kidogo, mwambie dada aje anawe hapa. Kazi ya dakika tano. Mdomo wangu ulishafunguka.

"Usiuze," sauti ikatoka dirishani. Haikuwa tena na ile mikwaruzo yake. Ilikuwa sauti laini, isiyo na umri. "Huyo dada ana sura yake."

Nikamfukuza yule kijana. Nilimtukana hadi akakimbia, maana kwa upole asingeondoka.

Kisha nikachota maji kwenye beseni. Nikanawa uso. Nikasugua mikono hadi viwiko, nikanawa miguu. Mzee alisema likipata mwingine linamwacha wa kwanza. Basi linichukue mimi. Sura yangu hata mama yangu aliwahi kuiombea msamaha. Nikapanda, nikamimina.

Gluk... gluk... gluk...

Likavuta. Likavuta hadi faneli ikapasuka.

Nililala kama mtu aliyetua mzigo. Alfajiri nikaamka kabla yake na kumtazama, nikitafuta nyusi. Nikitafuta hata unywele mmoja. Nilikuwa nimejiandaa kucheka.

Alikuwa laini kuliko jana. Sikio moja lilikuwa limeshikamana na shingo.

Sijui ni kwa nini. Labda kwa mwana wa mzee maji yake yalikuwa yameisha kabla ya yetu kuingia. Labda sisi tumechanganyika mno. Mume na mke, tairi moja, litatutenganisha vipi? Nimekwenda kwa mzee mara mbili. Ua uko wazi, vyuma vipo, watu hawapo.

Asubuhi ya leo nikaenda dirishani. Trekta lilikuwa limesogea tena. Safari hii mizunguko miwili.

"Mdomo?" mke wangu akaita. Haoni vizuri siku hizi, kope zinashikamana. Nikakaa kando yake. Akanyoosha mkono usio na kucha, akaanza kunipapasa usoni ili ajue ni mimi. Paji la uso. Mashavu. Akashuka chini ya pua, palipokuwa na mfereji wangu, akasimama. Akarudia, polepole, kutoka juu.

"Samahani, kaka," akasema kwa adabu, kama mtu anayemuuliza mgeni njia. "Mume wangu yuko wapi?"