Uji wa Mama Munira

Kila alasiri, akishaosha vyombo, Safina aliomba simu ya mama yake akajifunze kasida. Ndivyo alivyoaga. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na madrasa ya kijijini kwao Nandagala ilimchagua aongoze kasida siku ya Maulidi. Sauti anayo, hakuna aliyebisha. Lakini nyuma ya nyumba kasida ilichezwa mara moja tu, kisha zikafuata video za vichekesho mpaka magharibi. Safina alilala kifudifudi mkekani, kiganja kimebeba kidevu, shingo imetokeza mbele kama ya kobe.

Asubuhi moja, akila muhogo, taya likalia ka! karibu na sikio. Akapuuza. Baadaye likaanza kuuma, na Maulidi yalipokaribia, likamkamata mazoezini mbele ya wenzake. Alitaka kuanza kasida, kinywa kikafunguka nusu, kikagoma. Ustadhi Mikidadi akamwambia Munira, rafiki yake Safina, ashike nafasi yake.

Mama yake, Bi Sikuzani, alipopata habari alipandwa na hasira. "Mwanangu amefungwa kinywa! Ni Mama Munira huyo. Alitaka bintiye aongoze, haya, amepata!"

Safina aliyasikia akiwa jikoni. Alijua anavyoitumia simu, akanyamaza.

Kesho yake Mama Munira alikuja kumjulia hali mgonjwa, ameleta uji wa mtama. Bi Sikuzani akaupokea, akaumwaga palepale uani, kuku wakaukimbilia. Mama Munira aliokota bakuli lake, akaondoka. Tangu siku hiyo Munira hakumpitia tena Safina kwenda shule.

Baba yake, Mzee Bakary, alisema, "Kwanza hospitali. Hayo mengine baadaye." Basi mama akampeleka hospitali ya Mnero, kwa daktari wa meno aliyeitwa Agapiti.

Daktari alimkagua meno, akamgusa mbele ya masikio, akamwambia afungue na kufunga kinywa taratibu.

"Meno mazima," alisema. "Kinachosumbua ni kiungo cha taya. Binti, ukiwa nyumbani unakaaje? Nionyeshe."

Safina akakaa wima, mikono magotini, kama yuko mbele ya mkaguzi wa shule.

"Siku zote hivyo?"

"Ndiyo, daktari."

"Si umeona?" mama akadakia. "Huu ni mkono wa mtu! Tukitoka hapa tunakwenda kwa mganga, na huyo mwanamke atatajwa mbele ya kijiji kizima."

Safina akakumbuka ule uji na kuku. Akashuka kitini, akalala kifudifudi juu ya sakafu, akaweka kidevu kiganjani.

"Hivi, daktari. Kila siku mpaka magharibi, naangalia simu." Machozi yakamtoka. "Sikuwa najifunza kasida, mama. Nisamehe. Mama Munira hana kosa."

Daktari akamwinua mtoto.

"Kichwa ni kizito," alisema. "Ukikitanguliza mbele muda mrefu, misuli ya shingo na ya taya inachoka, na kidevu kikikandamizwa hivyo, kiungo kinaelemewa. Si kila taya linaloumia chanzo chake ni mkao, ila hapa nadhani tumekipata. Ukisoma, inua kitabu usawa wa macho, simu ipunguze, kula vyakula laini, kanda kwa maji ya uvuguvugu. Na Maulidi haya, mwachie mwenzako aongoze."

Walipofika kijijini hawakupitia nyumbani. Bi Sikuzani alipiga hodi kwa Mama Munira, akasimama uani, kichwa chini.

"Dada, nilimwaga uji wako. Nimekuja kuuomba tena."

Mama Munira akaingia ndani, akatoka na sufuria, akaibandika jikoni.

Bi Sikuzani akamgeukia bintiye. "Mwanangu, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulikaribia kumuumbua jirani. Wewe ulificha, na mimi nikasingizia kabla ya kuuliza. Taya litapona, lakini jina la mtu likishachafuliwa, daktari wake ni nani? Ukiumwa, sema kweli mapema."

"Nimesikia, mama."

Maulidi yalipofika, Munira aliongoza. Safina aliitikia taratibu kutoka mstari wa nyuma, kichwa kimesimama sawa. Moyo ulimuuma, tusidanganyane. Lakini taya lilikuwa limeanza kulegea, na asubuhi iliyofuata alisikia sauti ya Munira mlangoni, ikimwita waende shule.