Kompyuta Moja, Vyumba Vyote

Kila siku baada ya masomo, Kidoti alipitia zahanati, ambako mama yake alikuwa fundi wa kompyuta. Alimsaidia kukunja nyaya na kufuta vumbi, kisha wakarudi nyumbani pamoja. Kompyuta kuu ilikaa kwenye kijichumba kando ya stoo, na majibu yote ya maabara yalipitia humo kabla ya kumfikia daktari.

Siku moja mama aliunganisha vyumba vipya na kompyuta hiyo. Akamwagiza Kidoti awaombe wafanyakazi wote wafungue majibu kwa pamoja, waone kama kompyuta kuu itahimili. Kuwakusanya watu wale ni kazi hasa. Nesi mkuu peke yake, ukimsumbua, hukukazia macho mpaka ukasahau jina lako. Tena mpira ulikuwa unamsubiri Kidoti uwanjani. Akaingia chumba kimoja kimoja, akabonyeza mwenyewe, akaona majibu yanakuja chapuchapu.

"Vyote vinafanya kazi, mama," alisema.

Kisha kipindupindu kikaingia mtaani. Wagonjwa walijaa hadi koridoni. Vyumba vyote viliiita kompyuta kuu kwa mpigo, nayo ikahema kama punda aliyebebeshwa nyumba nzima pamoja na wapangaji wake, halafu ikaganda.

Kwenye benchi, dada mmoja alimpakata mtoto aliyelegea, macho yameingia ndani. Dripu alishatundikiwa, lakini daktari hakuthubutu kuongeza dawa bila majibu ya damu, na majibu yalikuwa yamekwama.

Mama alikuwa kalala kifudifudi chini ya meza, akitafuta waya uliokatika. Wingi wa vyumba hakuushuku, maana aliambiwa umejaribiwa. Kidoti alimtazama yule mtoto, akainama chini ya meza.

"Mama, sikuwaita wote. Nilijaribu kimoja kimoja."

Mama alichomoka chini ya meza. Alitoka mbio, akaamuru vyumba visivyo vya dharura vizime kompyuta zao. Kompyuta ikazinduka, majibu yakafika, sindano ikadungwa. Mtoto alipona, ingawa alikaa muda mrefu hawezi kuketi bila kushikwa.

Baadaye zililetwa kompyuta nyingine za kugawana kazi, na nafasi ikaachwa ya kuongeza zaidi watu wakizidi. Walipokuwa njiani kurudi nyumbani, ndipo mama alipomwambia Kidoti.

"Mwanangu, kumjibu mtu mmoja hata kompyuta mbovu inaweza. Tulitaka kujua itafanyaje wakija wote, nawe ukanidanganya. Nimetafuta waya ambao haukukatika. Muda ule ulikuwa wa yule mtoto."