Siku Nzai Alipoitiwa Mwizi

Kila alasiri wakitoka shule, Sahla na Fridah hupitia mtaa wa maduka hapa Malindi kabla ya kushika njia ya kwao Muyeye. Sahla ana miaka kumi na miwili, mpole, hawezi kubishana hata na paka. Fridah amemzidi miaka miwili na maneno elfu. Darasani wote humwogopa Fridah, na Sahla aliona fahari kuchaguliwa kuwa rafiki yake. Fahari gani hiyo, jamani!

Siku hiyo walifika duka la vitambaa la Bi Maryambai adhana ikiwa imetoka tu. Mama huyo aliilaza bakora yake mlangoni, akaingia nyumba ya nyuma kuswali. Ndivyo wafanyavyo wenye maduka wa mtaa ule tangu zamani. Fimbo ikikingama mlangoni, duka limefungwa, na haivukwi na mkubwa wala mdogo.

"Simama hapa uangalie njia," Fridah alinong'ona. "Kuangalia si kuiba."

Sahla alitaka kukataa. Lakini akikataa atarudi nyumbani peke yake, na kesho atachekwa na darasa zima. Akasimama. Fridah aliivuka ile bakora, na kufumba na kufumbua akatoka na simu ya Bi Maryambai, akaisukumiza ndani ya mkoba wa Sahla.

"Mbona kwangu?"

"Nyamaza, tembea!"

Hawakufika hata kona. "Simu yangu! Nimeiacha mezani sasa hivi!" Bi Maryambai, aliyerudi kuizima kabla ya kuswali, alipiga ukelele.

Mwenye duka la jirani akadakia, "Nzai amepita hapa na mkokoteni wake. Nani asiyemjua Nzai?"

Nzai ni kijana wa Matsangoni, mchukuzi wa mizigo. Utotoni aliwahi kuiba kuku, na tangu hapo kitu chochote kikipotea, yeye ndiye huulizwa wa kwanza.

"Mwizi! Mwizi huyo!"

Loo! Neno hilo likishatoka halirudi. Watu walimiminika kutoka kila kichochoro, wengine hata hawakujua kilichoibwa. Nzai alivutwa shati likachanika, akaanguka vumbini akijikinga kichwa kwa mikono. Mmoja ameshika rungu, mwingine anaokota jiwe.

"Si mimi! Nikagueni, jamani! Nawaomba, nikagueni!"

Nani wa kumsikiliza? Rungu lilishuka begani, naye akalia kama mtoto. Mkoba ulimwelemea Sahla kama uliojaa mawe.

"Watamuua, Fridah."

"Na wewe ukisema watakuua wewe. Simu iko kwa nani?"

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Aliyatazama yale macho mekundu ya watu, akajiona yeye pale chini. Miguu ilimwambia kimbia. Lakini damu ilikuwa ikimtiririka Nzai usoni, na jiwe limeshainuliwa.

"Mwacheni!" Sauti ilimtoka hata yeye asiijue. "Simu ninayo mimi!"

Umati ukageuka wote kwa pamoja. Mkono mmoja ulimkamata ukosi. Sahla alifumba macho akasoma shahada, akijua sasa ni zamu yake. Hapo akahisi amekumbatiwa.

"Asiguswe mtu!" Bi Maryambai alifoka, akamweka nyuma ya mgongo wake. "Anayetaka kupiga aanze na mimi!"

Aliwakalisha Nzai na wasichana wote wawili kibarazani, akamfunga Nzai jeraha kwa kitambaa kipya cha dukani. Sahla alimrudishia simu yake, akaeleza yote akilia kwa kwikwi. Kisha mama akamgeukia Fridah.

"Mwanangu, ulikuwa na njaa?"

"La, bibi." Fridah aliinamisha kichwa. "Nyumbani baba husema mimi sifai kitu. Nikifanya mambo kama haya, wenzangu huniogopa. Najiona mtu."

"Mimi yule kuku nilimwiba kwa njaa," Nzai alisema polepole. "Nikaacha. Lakini kila mkiniita mwizi, moyo huniambia, si heri niibe kweli, maana jina ninalo tayari?"

Watu walitazamana. Rungu halikuonekana tena lilikokwenda.

"Mmesikia?" Bi Maryambai aliwauliza. "Hakuna anayezaliwa mwizi. Huyu alisukumwa na njaa. Huyu anatafuta heshima aliyonyimwa kwao. Na wewe Sahla ulihofia kuachwa na rafiki, ukasahau kuwa mchezea tope humrukia. Sababu si ruhusa, kosa ni kosa, na nitakwenda kwa wazazi wenu jioni hii hii. Baba yake Fridah ana lake la kusikia. Lakini ninyi watu wazima, mkimbandika mtu jina baya kila siku, nanyi mnamfundisha wizi. Kumpiga hakuzuii wizi. Jueni kwanza kilichomsukuma, mkizuie hicho."

Aliyeokota jiwe alimwinulia Nzai mkokoteni wake. Sahla alimsogelea kijana yule, hana hata nguvu ya kumtazama usoni.

"Nisamehe, kaka Nzai."

"Nimekusamehe, mdogo wangu," Nzai alisema. "Lakini ungechelewa kidogo tu, msamaha huo ungemwomba nani?"