Mahari ya Kaharabu

Jumamosi ile njia panda ya Mingoyo ilifurika wasafiri na wachuuzi. Fauzia, aliyevaa baibui jeusi na mtandio wa rangi ya zambarau, alisimama mbele ya meza ya ndoo. Alikwangua utepe mwembamba kwenye ukingo wa ndoo moja, akauwasha kwa kiberiti, akaunusa.

"Dada, unanunua au unachoma?" mchuuzi akafoka.

"Nanunua. Hii inanuka mshumaa, ndiyo niitakayo. Ile nyekundu siichukui hata bure."

Kicheko kikatoka nyuma yake. "Na mimi ukininusa, utasema nimeumbwa kwa nini?"

"Kwa dizeli," akajibu bila kugeuka.

Huyo alikuwa Bashiru, fundi wa pampu za maji kutoka Kilwa Masoko, mwenye ovaroli ya buluu na kofia ya mkono iliyodariziwa vizuri. Fauzia alifanya kazi katika maabara ndogo ya kutambua aina za plastiki na mpira mjini Lindi. Tangu siku hiyo kila washa, ile pete ya mpira ya kuziba maji, ambayo Bashiru alidai imechakaa katika pampu zake ilitumwa kwa Fauzia apime, na baadhi hazikuwa na kasoro yoyote.

"Hii nayo ina nini?" Fauzia aliuliza kwenye simu. "Ni nzima kabisa!"

"Imekukumbuka, laazizi."

"Mpira hauna moyo, fundi."

"Aliyeutuma anao."

Baada ya miezi sita posa ikaletwa. Babake Fauzia alikwisha kufariki, hivyo walii wa kumwozesha alikuwa ami yake, Mzee Salumu. Fauzia hakutaka mahari ya fedha. Alichagua tasbihi ya kaharabu, ule utomvu wa kale uliogeuka jiwe, ambayo Bashiru aliachiwa na babu yake, Mzee Dadi, imamu wa Kilwa Kisiwani, aliyewaapia watu maisha yake yote kwamba ni kaharabu halisi.

"Mahari sharti ijulikane ni kitu gani," akasema Mzee Salumu. "Nani aijuaye hiyo kaharabu?"

"Bibi harusi mwenyewe ana maabara," akajibu Bashiru kwa fahari. "Aipime, aandike hati."

Fauzia akaitia tasbihi katika maji yaliyokolezwa chumvi. Kaharabu ingeelea. Tasbihi ikazama. Kwa idhini ya Bashiru akagusisha sindano ya moto kwenye punje moja. Pahali pa harufu tamu ya utomvu, iliyo jirani na ubani, ikamjia harufu kali kama ya dawa ya kusugulia sakafu za hospitali. Ilikuwa plastiki ngumu ya kale, ile iliyotengenezewa swichi nyeusi za umeme.

Akarudia mara tatu, kisha akapiga simu.

"Bashiru, habibi. Si kaharabu."

"Andika kaharabu."

"Siwezi."

"Neno moja tu, Fauzia! Babu yangu aliapa."

"Babu hakudanganya. Alidanganywa."

"Na watu wa Kisiwani watakaa wapambanue hilo? Usimwambie mtu mpaka nije."

Fauzia hakujibu, naye Bashiru akadhani ameridhia. Kumbe mwenziwe alikuwa akitafuta njia iliyo halali, na asubuhi yake akaenda kwa ami yake akamweleza yote.

"Ami, mahari si haki yangu?"

"Yako peke yako."

"Basi nimeridhika nayo hivyo ilivyo, plastiki."

Mzee Salumu alimtazama sana, machozi yakimlenga. "Ukiridhika wewe, mimi ni nani, mwanangu? Nitamwita sheikh. Nikaha Ijumaa."

Fauzia akampigia Bashiru huku akicheka. "Yamekwisha, kipenzi! Ami amekubali. Nimemweleza."

"Umemweleza?"

"Kila kitu."

Bashiru akakata simu.

Alikuja kwa kina Fauzia Alhamisi, kwa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na hakuketi.

"Kila nitakapomwamkia ami yako," alisema, "nitaona machoni mwake kiapo cha babu yangu."

"Mimi nilikwisha kuikubali, Bashiru. Nilikukubali wewe."

"Nilikuomba neno moja."

"Na ningekuwa mke wa namna gani, niliyeanza ndoa kwa ushahidi wa uongo?"

"Ungekuwa mke wangu."

Bashiru akaitwaa tasbihi mezani, akaitia mfukoni, akaondoka.

Mzee Salumu alishika simu. "Sheikh nimwambie sababu gani? Nimweleze habari ya ile tasbihi?"

"La, ami. Hiyo izikwe hapa. Mwambie mimi nimebadili nia."

"Lakini hujabadili."

"Mwambie hivyo hivyo."

Mzee akainamisha kichwa, akapiga. Hata leo husemwa mjini Lindi kwamba Fauzia, kwa kiburi cha elimu, alimkataa fundi wa watu. Maneno hayo yamefika Kilwa Masoko, na Bashiru ameyasikia zaidi ya mara moja. Hajapata kuyasahihisha.