Alitumia Hofu Zangu Kuuza Uwanja Wetu

Nina umri wa miaka ishirini na sita, sijaolewa, na nina digrii ya jiografia ambayo hadi leo imenipatia kazi moja tu: kufundisha kwa muda katika shule ya kibinafsi. Jina langu halisi nimelificha, na la mtaa wetu pia. Niiteni Rispa. Jueni tu kwamba ni hapa Nairobi, Eastlands, na ukitoka Eastleigh kwa miguu utafika kabla hujachoka.

Ninaandika haya nikiwa na hasira. Mhariri akikuta maneno makali, namwomba asiyapunguze!

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kuwaza kupita kiasi. Jirani akinisalimu kwa kifupi asubuhi, nitashinda nikijiuliza nilimkosea nini. Nikienda kuomba kazi, najibu moyoni maswali ambayo hakuna aliyeniuliza, na nikiulizwa la kweli, ulimi unakauka. Nimekuwa hivyo tangu utotoni. Mama husema nilizaliwa na wasiwasi kama wengine wanavyozaliwa na alama shavuni.

Mama yangu alikuwa akikaanga samaki katika kibanda kimoja kando ya uwanja wa mtaa. Uwanja huo ulikuwa wa umma. Vijana walicheza mpira, makanisa yalihubiri Jumapili, harusi za Waislamu zilipigiwa hema pale, na pembeni kulikuwa na safu ya vibanda vya akina mama. Karo yangu yote, kuanzia shule ya msingi, ilitoka katika karai lile la mafuta. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni, lakini mshahara wake uliishia kwa kodi ya nyumba na nauli ya kwenda kwao Butere kila kulipokuwa na msiba.

Uwanja ule ulikuwa na mlinzi wake. Diwani wetu, Mzee Twahir, alikaa upande wa pili wa barabara kuu. Kila walipokuja watu na vigingi vya kupimia ardhi, Mzee Twahir aliita umma, na kabla ya jioni vigingi vilikuwa vimeng'olewa. Ndiyo maana tulimpigia kura bila hata kuulizana.

Basi mwaka mmoja kabla ya uchaguzi zikaja habari kwamba mipaka ya majimbo inapitiwa upya. Mpaka wetu na jimbo jirani ulikuwa ni kijito kinachopita nyuma ya mtaa. Mbunge wa ng'ambo ya kijito alitaka mpaka usogezwe hadi barabara kuu. Mnaelewa maana yake? Mtaa wetu, pamoja na uwanja, ungehamia kwake, na Mzee Twahir angebaki upande wa pili wa barabara, asiweze tena kututetea. Na kila mtu alijua mbunge yule alikuwa na rafiki tajiri aliyekuwa akiumezea mate uwanja wetu!

Tukaambiwa kwamba maafisa wa mipaka watakuja ukumbini kusikiliza maoni ya wananchi. Wakazi wakakutana na kusema wanataka mtu mmoja msomi awasemee. Macho yakanigeukia mimi. Mimi nikamgeukia Kizito.

Kizito alikuwa mchumba wangu. Tulisoma chuo kimoja, na kule alikuwa nyota wa midahalo. Ana sauti inayojaza chumba bila kupaazwa. Alikuwa ameshakuja nyumbani kujulishwa kwa wazazi. Siku hiyo Mama alichinja kuku, na Baba akafanya jambo lililonitoa machozi. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Mwanamke haigusi, na mgeni hapewi ovyo. Baba aliichukua kutoka sahani yake akaiweka kwenye sahani ya Kizito, akasema, "Kula, mwanangu." Nilijua basi, nimeolewa!

Ikakubaliwa kwamba Kizito ndiye atakayesema ukumbini, nami nitamwandaa. Nani angejua vizuri kuliko mimi kila shimo lililokuwa katika hoja yetu?

Kila jioni alikuja kibandani. Mama akikaanga, sisi tuliketi kwenye benchi, nami nilimwaga wasiwasi wangu wote.

"Je, wakisema maji yetu yanatoka kwenye tangi la ng'ambo?" nilimuuliza. "Je, wakisema watoto wetu wanavuka daraja kwenda shule kule? Je, wakisema sisi si wapiga kura wa hapa? Maana ni kweli, Kizito. Nusu ya mtaa kadi zao za kura ziko mashambani. Hata Baba! Ameishi hapa tangu kabla sijazaliwa na anapiga kura Butere. Anasema Nairobi ni ya kazi."

Kizito alicheka, akanipapasa mkono. "We Rispa, kichwa chako hakilali. Endelea, nipe zote. Niogopeshe."

Akina mama wa vibandani walimpenda. "Shemeji, utatununulia soda lini?" walimwita. "Au hadi uwe mbunge?"

"Mkinipa samaki wa bure leo, nawapa kreti nzima kesho," aliwajibu, wakaangua kicheko.

Nikampa zote, wasomaji wenzangu. Kila hofu na jibu lake. Aliniuliza maswali kwa utulivu, ipi inaniogopesha zaidi, ipi sina jibu lake la kutosha. Nilidhani huo ni upendo! Nani mwingine aliwahi kusikiliza wasiwasi wangu mpaka mwisho bila kupiga miayo?

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Baba aliomba ruhusa kazini, akavaa koti lake la kanisani, akaketi safu ya mbele na Mama. Mzee Twahir alikuwepo na kofia yake nyeupe, akanipungia mkono. "Usiogope, binti yangu," aliniambia. "Leo ni siku ya kusema kweli tu."

Kizito akaitwa. Akasimama, akarekebisha kipaza sauti, akashukuru wageni. Kisha akasema kwamba kama kijana msomi wa mtaa huu, amefanya utafiti, na dhamiri yake haimruhusu kuficha ukweli.



"Maji yetu," akasema, "yanatoka ng'ambo ya kijito. Watoto wetu wanasoma ng'ambo ya kijito. Sasa sisi ni watu wa wapi?"

Nilidhani anajenga hoja kisha ataibomoa. Niliingoja sehemu ya kubomoa. Haikuja! Aliziorodhesha hofu zangu moja baada ya nyingine, kwa mpangilio uleule niliompa, hata kwa mifano yangu. Majibu yangu ndiyo aliyoyaacha.

Halafu akafika kwenye ile aliyojua inaniuma zaidi.

"Na tunaambiwa wakazi wanaupenda sana mtaa huu," akasema akitabasamu. "Wanaupenda kiasi gani? Yule mzee mwenye koti pale mbele ameishi hapa zaidi ya miaka ishirini. Muulizeni kadi yake ya kura iko wapi. Iko Butere! Mtu ambaye hataki hata kupiga kura hapa, anataka kutuchorea mpaka?"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mtu akapiga kelele nyuma, "Mzee wa Butere, rudi nyumbani!" Niliona shingo ya Baba ikizama ndani ya kola ya koti lile. Mama akatazama mikono yake. Mikono ile yenye makovu ya mafuta...

Nilisimama. Sijui nani aliniinua. Miguu ilinitetemeka, sauti pia, lakini nilisimama, nikaomba nafasi, nikapewa.

"Kuhusu maji," nikaanza.

"Yanatoka ng'ambo!" wakaitikia vijana wa nyuma, ambao sasa natambua walipangwa pale makusudi.

"Kuhusu shule..."

"Ziko ng'ambo!"

"Dada, hilo limejibiwa, keti!" mwingine akasema. "Au umeachwa na jamaa ndiyo unalia?"

Kicheko tena. Nilikuwa na majibu, wenzangu! Nilieleza kwamba tangi lilijengwa kabla ya jimbo lile kuwepo, kwamba watoto wanavuka daraja kwa sababu sisi tuliahidiwa shule na hatukujengewa. Nilisema yote hadi neno la mwisho, machozi yakinitiririka, na hakuna aliyenisikia. Mtu anapokwisha kuyachukua maneno yako na kuyasema vibaya kabla yako, wewe unakuwa kama unayemwiga!

Kizito hakunitazama hata mara moja. Alikuwa akizungumza na msaidizi wa mbunge wa ng'ambo, wameegemea mlango.

Tulipofika nyumbani Baba aliketi, akavua koti, akasema, "Nilimpa firigisi." Akarudia, sauti ikipanda, "Mimi! Nilimpa firigisi yangu kwa mkono huu!"

Mipaka mipya ilipotangazwa, tulikuwa tumehamishwa. Waliokuja kusikiliza maoni siwalaumu. Waliandika walichosikia, na walichosikia kilitoka kwenye kinywa nilichokifundisha mimi.

Baba alifanya jambo moja ambalo sikulitarajia. Aliacha kiburi chake cha miaka yote, akaenda kujiandikisha kupiga kura hapa Nairobi. "Hakuna atakayemcheka tena mtu wa nyumba hii," alisema. Siku ya uchaguzi tulipanga foleni pamoja tangu asubuhi. Alipotoka kwenye chumba cha kura uso wake ulikuwa umepauka. Akaniuliza, "Twahir yuko wapi? Nimemtafuta kwenye karatasi simwoni."

Ikabidi nimweleze tena. Mzee Twahir alibaki kugombea kata yake, ambayo sasa iliishia barabarani. Tuliweza kumwona akipita ng'ambo ya lami, lakini hatukuweza kumchagua. Baba, kwa mara ya kwanza, alitaka kupiga kura mahali anapoishi... na mahali pale palikuwa pameondolewa chini ya miguu yake!

Mbunge wa ng'ambo alishinda. Haikupita muda, mabati yakazunguka uwanja. Safari hii hakukuwa na diwani wa kuita umma. Walikuja vijana wenye marungu, mchana peupe, wakavunja vibanda akina mama wakitazama. Mama alikumbatia karai lake la moto na kuondoka nalo. Mkono wake wa kushoto una kovu jipya tangu siku hiyo. Sasa anauza samaki katika soko la Gikomba, chini, juu ya gunia, na mvua ikinyesha hauzi.

Na Kizito? Kizito ana kazi! Ana meza katika ofisi ya mbunge. Hivi karibuni alikuja kwetu na wajomba zake wawili. Nilidhani nimeona ufidhuli wote uliopo duniani, kumbe! Alikuja kuendeleza posa.

Wajomba wale walikuwa wazee wenye heshima na walitoka mbali, kwa hiyo Mama hakuweza kuwaacha na njaa. Alichinja kuku. Nilitaka kupiga mayowe.

"Rispa, nilikuwa natafuta maisha yetu," Kizito alisema, kwa sauti ileile nzuri. "Siasa ni siasa. Mambo ya nyumbani ni ya nyumbani. Hata wewe uliona hoja yetu ilikuwa dhaifu. Wewe mwenyewe uliniambia!"

Mnasikia? Mimi mwenyewe nilimwambia!

Chakula kikaletwa. Baba akanawa mikono, akaomba, akachukua firigisi. Wajomba wakamtazama. Kizito naye akaisogeza sahani yake kidogo, kwa adabu, kama mtu anayejua zamu yake.

Baba alinyoosha mkono kupita sahani ya Kizito, akaiweka firigisi kwenye sahani yangu.

"Mwanamke?" mjomba mmoja akashangaa. "Mzee, hii imekuwaje?"

"Ni ya mwenye kuisimamia nyumba," Baba akajibu. "Siku ile ukumbini nilikuwepo, na mimi niliinamisha kichwa. Huyu alisimama. Kula, mwanangu."

Niliila. Ilikuwa ngumu, na nilitafuna kwa muda mrefu nikimtazama Kizito usoni mpaka akaangalia chini. Hakumaliza ugali wake. Wajomba waliaga, na posa ile ikaishia hapo.

Msinipongeze. Uwanja haukurudi. Sasa una ghorofa ambayo haijaisha, na Mama akipita pale hugeuza uso.

Nimewaandikia kwa sababu najua wako wengi kama mimi, wanaowaza kila kitu na kuogopa kusema. Tunatafuta mwenye sauti nzuri, tunampa mawazo yetu yote akatusemee. Dada zangu, kaka zangu, nawasihi, msifanye hivyo! Watakapokuja tena kuuliza mpaka upite wapi, nendeni. Kama kadi yako ya kura iko mashambani na wewe usingizi unaulala hapa, ihamishe leo, usingoje uchekwe kama Baba. Na ukisimama ukumbini miguu ikatetemeka, iache itetemeke. Sema. Wasemee mama zako na vibanda vyao, kwa sauti yako mbaya hiyohiyo, kabla mwenye sauti nzuri hajafika kwenye kipaza sauti!